Nani Kaiba Gramu 370?

Mume wangu hapiti penye bei ya kutupa. Mwenye kiwanda kidogo cha mikate, mtaa wa nyuma yetu, alipofunga biashara na kuanza kuuza vitu vyake mlangoni, nilimtuma Baba Watoto akanitazamie trei za kuokea. Alirudi na bajaji. Trei hakuna. Kuna gunia la kilo 25 za beking soda, limekalia kiti cha abiria kwa raha zake, na yeye kabanana mbele na dereva.

Mimi naoka keki na mandazi ya oda, ndiyo kazi inayosomesha watoto wetu, na mwaka mzima simalizi kilo mbili za kitu hicho. Nikamuuliza hizo nyingine tunazipeleka wapi.

"Mama Watoto, wewe niulize isichofanya," akasema. "Inaoka, inasafisha, inazibua, inatibu. Wenzetu nyumba nzima wanaiendesha kwa hii."

Akatafuta daftari la watoto lisilokwisha, ukurasa mtupu akaandika KILO 25, chini yake akapiga mstari kwa rula. Kitakachotoka gunia kitaandikwa, hata kijiko. Mama mkwe wangu, aliyekuja kutoka Kongwa kutibiwa macho kisha akaona Dar es Salaam si pabaya hivyo, alichovya kidole guniani, akaonja, akatema pembeni.

"Magadi haya yamekufa," akasema, akarudi kwenye mkeka wake.

Neno hilo tulilipuuza wote isipokuwa binti yetu wa kidato cha tatu. Tutafika huko.

Kazi ya kwanza ilikuwa sinki. Maji yake yalikuwa yanashuka kwa maringo tangu Idi, na Baba Watoto alikuwa ameona kwenye simu mtu akimimina unga mweupe, juu yake siki, povu likapanda, muziki ukapigwa, bomba likazibuka. Yule wa kwenye simu alitumia vijiko vichache. Mume wangu alimimina kilo nzima, akaiandika, kisha akashindilia chupa ya siki ya mililita 700. Povu lilipoanza kupanda alisema nguvu inapotea bure. Akakunja tambara, akaliziba tundu la sinki, akalikandamiza kwa viganja viwili.

Hapa nisimame kidogo kwa hesabu, maana ndiyo iliyotuponza. Siki ya dukani ina asidi ya asetiki kiasi cha asilimia 5 tu. Chupa ile nzima ilitosha kumaliza gramu 50 hivi za beking soda, basi. Lakini gramu 50 hizo, zikikutana na asidi yake, hutoa karibu lita 14 za hewa ya kaboni dioksidi. Lita 14 ndani ya bomba ni watu wengi kwenye mlango mmoja. Juu kuna tambara na viganja, mbele kuna uchafu. Hewa ikatafuta njia ya tatu, na bomba letu lina tawi linalotokea bafuni, sakafuni, ambako muda huo Mama, yaani mama mkwe, alikuwa anaoga.

Tulisikia bomba likiguna. Kisha tukasikia Mama akimwita mwanawe kwa jina la ukoo, ambalo halitumii ila kwenye misiba. Maji ya sinki, na masalia ya chakula cha wiki nzima, yalikuwa yamemrukia hadi magotini.

Na zile gramu 950 zilizobaki? Lita moja ya maji ya kawaida inayeyusha gramu 96 hivi za beking soda, haizidi hapo. Kwenye kiwiko cha bomba hakukuwa na lita kumi zinazotakiwa. Unga ukalala pale, ukanywa vijimaji vilivyokuwepo, ukagandamana. Sinki iliyokuwa ikishuka kwa maringo sasa haikushuka kabisa. Fundi wa bomba alipofungua kiwiko na kukigonga kwenye ndoo, alitutazama mmoja mmoja akauliza nani anajenga humu ndani.

Jioni binti alileta vitabu vyake vya kemia mezani. Alieleza kwamba beking soda ni bikaboneti ya sodiamu, chumvi ya metali ya alkali. Kwamba ni besi dhaifu, maji yake yana pH ya 8.3 hivi, yaani imevuka mstari wa katikati kwa hatua moja tu. Udhaifu huo, alisema, ndio unaofanya tuweze kuila. Ikikutana na siki zinamalizana: yanabaki maji, hewa inayokwenda zake, na asetati ya sodiamu, chumvi isiyosafisha kitu.

"Baba, siki peke yake inatoa chokaa kwenye birika. Beking soda peke yake inasugua mafuta. Ukizichanganya unasafishia maji ya chumvi."

"Lakini povu uliliona," akasema baba yake.

Aliliona. Sote tuliliona, na Mama aliliona kuliko sisi. Nimekaa kwenye biashara ya vyakula muda wa kutosha kujua kwamba watu wanapenda kuona kitu kikihangaika. Maji ya moto na ile pampu ya mpira yenye mpini vingemaliza kazi ya sinki, ila havina muziki.

Ijumaa iliyofuata ikaja na kanzu. Baba Watoto alikuwa ametoka msikitini, kaketi na kanzu yake nyeupe kula wali kwa mchuzi wa kuku, na mchuzi wa nyumba hii una bizari ya manjano ya kutosha. Tone likaanguka kifuani. Mtu mwingine angeniita. Yeye alikwenda moja kwa moja guniani, akachota, akachanganya na sabuni ya mche, akajisugua hapohapo kanzu ikiwa mwilini.

Doa likageuka jekundu. Kadiri alivyosugua likazidi kuiva na kutambaa. Mama, ambaye macho yake bado yalikuwa kwenye dawa, alitoka chumbani akamkuta mwanawe kasimama, mkono kifuani, kifua chekundu. Yowe alilopiga lilileta majirani wa pande tatu, mmoja na khanga ya kufungia jeraha.

Manjano ina rangi iitwayo kurkumini, na rangi hiyo inajua majirani zake. Ikiwa kwenye asidi hubaki ya njano. Ikiguswa na besi huwa nyekundu ya matofali. Sabuni ni besi, beking soda ni besi, na yeye alikuwa amezipeleka zote mbili kwa pamoja. Binti alikata ndimu, akakamulia juu ya doa, likarudi njano mbele ya hadhara. Baba yake akapaka tena unga wake na sabuni, likawa jekundu. Ndimu, njano. Mwenye khanga ya jeraha akaomba ajaribu na yeye. Kanzu ilivuliwa ikiwa imelowa hadi mgongoni, na doa lilitolewa na jua, kwa kuanikwa kwenye kamba, kwani kurkumini haivumilii mwanga. Gharama yake sifuri. Kwenye daftari hakukuwa na safu ya kuandika jua.

Kisa cha moto sikisimulii kwa sababu hakikutokea. Alikuwa amegundua kwamba baadhi ya vizimamoto vya unga hutengenezwa kwa bikaboneti ya sodiamu, na vingine kwa ya binamu yake potasiamu, ambayo ni kali zaidi kwa moto wa mafuta. Akataka kuwasha mafuta ndani ya karai, makusudi, ili tumwone akizima. Nilificha kiberiti. Ninachosema kwa wenye majiko: karai likishika moto, zima jiko, funika kwa mfuniko mzito. Beking soda ya kutosha inasaidia moto ukiwa mdogo. Unga wa ngano usiurushe kamwe, huo unawaka. Maji nayo yakae mbali.

Nilichoshindwa kumsamehe kwa haraka ni mandazi.

Nina bati la beking pauda, linakaa rafu ya pili, linajulikana. Alfajiri moja, tukiwa na oda ya kikao cha harusi, msichana anayenisaidia alikanda kwa kutumia bati hilo. Baba Watoto, katika juhudi za kupunguza gunia, alikuwa amelijaza beking soda usiku. Hakumwambia mtu. "Ni kitu kilekile," alijitetea baadaye, "wameongeza jina ili wapandishe bei."

Si kitu kilekile, na tofauti yake ina kisa cha ndoa ndani yake. Mwaka 1843 mjini Birmingham, Uingereza, palikuwa na mwanakemia mwenye duka aitwaye Alfred Bird. Mkewe, Elizabeth, tumbo lake halikupatana na hamira, kwa hiyo mkate ulikuwa adui. Bird akachukua bikaboneti, akaiunganisha na asidi kavu, akatia wanga ili visikutane kabla ya wakati. Ukilowesha unga vinaonana, hewa inatoka, mkate unainuka bila hamira. Hiyo ndiyo beking pauda. Wako wanaume wanaoingiza unga mweupe nyumbani kwa ajili ya tumbo la mke. Wangu alikuwa na bajaji.

Beking soda peke yake, bila mtindi wala ndimu ya kuipa asidi, haina wa kuonana naye isipokuwa moto. Moto unaivunja, ndiyo, lakini inatoa nusu tu ya hewa ambayo ingeitoa kwa asidi, na inaacha nyuma kaboneti, ambayo ni kali. Mandazi yakatoka ya njano yenye madoa. Kwa kuwa besi huharakisha unga kuwa kahawia, yaliungua nje ndani yakiwa mabichi. Ladha yake ilikuwa ya sabuni. Nilirudisha fedha za watu, nikaomba radhi kwa mama wa bibi harusi, nikarudi nyumbani bila kuongea.

Kwa adabu, au kwa woga, Baba Watoto alijilazimisha kula mandazi yale ili yasitupwe. Kiungulia kilimkamata kabla ya adhuhuri. Akachota kijiko cha chai kutoka guniani, akakoroga kwenye maji, akanywa, akabeua mlio uliomwamsha paka. Nafuu ikaja. Hapo sina ubishi: asidi ya tumboni inazimwa, inakuwa chumvi, maji na hewa, na dawa nyingi za kiungulia zinajengwa juu ya jambo hilohilo. Lakini Mama aliponyosha mkono apewe na yeye, nilichukua kikombe. Mama ana presha. Kijiko kimoja cha chai cha unga huo kina miligramu zipatazo 1,260 za sodiamu, na Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima abaki chini ya 2,000 kwa siku nzima, chumvi ya mboga ikiwemo. Tena tumbo likiwa limeshiba kupita kiasi, hewa inayozuka kwa ghafla si ya kuchezea. Madaktari wameandika visa vya matumbo yaliyopasuka. Alininunia. Akininunia mimi anapona.

Juisi ya rozela, iliyotiwa kijiko "ipunguze ukali" kabla ya wageni kufika, ilifoka hadi mezani na kugeuka rangi ya maji ya kuoshea makaa. Wageni walikunywa maji.

Lazima nimpe haki yake kwenye maharage. Kijiko kidogo kwenye maji ya kulowekea usiku, asubuhi unamwaga yale maji, unapika, na mkaa unaobaki unauona kwa macho. Besi hulegeza ile gundi inayoshika kuta za punje. Ukizidisha unapata uji, na vitamini B1 inakwenda na maji, ndiyo maana sifanyi kila mara. Daftari liliandika gramu 5, nami nikaandika pembeni, kwa mwandiko wangu, "imefaa". Alilionyesha kwa watu.

Turudi kwa Mama na magadi yaliyokufa. Kifurushi chake cha magadi ya Kongwa kilikuwa kimeisha, na kuna mambo mawili hayaendi bila magadi: mlenda na ugoro. Mlenda wa beking soda haukumvutikia alivyozoea. Ugoro wa beking soda, alisema, ulikuwa vumbi. Nusa, hakuna kinachotokea, nusa tena.

Binti akamuunga mkono bibi yake kwa kitabu. Magadi ya mawe, yale yanayotoka kwenye maziwa ya Bonde la Ufa, hayana bikaboneti tu. Wanakemia huyaita trona: ndani yake kuna kaboneti na bikaboneti zimeshikana, na maji kidogo. Kaboneti ndiyo yenye meno. Ziwa Natron, kaskazini ya nchi yetu, liko chini ya Ol Doinyo Lengai, volkano hai pekee duniani inayotapika lava yenye kaboneti za sodiamu kwa wingi. Ng'ambo ya mpaka, kwenye Ziwa Magadi nchini Kenya, wanachimba trona kwa ajili ya kiwanda kwa zaidi ya miaka mia moja. Ugoro unataka meno hayo kwa sababu besi kali huifungua nikotini kutoka kwenye tumbaku ili ipite puani upesi. Bibi, ambaye hakwenda shule, alikuwa amepima pH kwa ncha ya ulimi na kupata jibu sahihi.

"Bibi, hayajafa," binti akasema. "Yamebanwa. Tukiyapa moto yanarudi."

Ndivyo inavyokuwa. Kuanzia nyuzi 80 hivi beking soda huanza kuachia maji na hewa kwa kasi, na ikikaa kwenye nyuzi 200 inabaki kaboneti. Baba Watoto aliridhia jaribio kwa sharti moja, kwamba apime mwenyewe. Akaweka kilo moja kamili kwenye mizani yangu, akaandika, akatandaza kwenye trei mbili, akaenda barazani. Binti alisimamia oveni kwa zaidi ya saa moja, akakoroga kwa mwiko, kavaa glavu za jikoni na kufungua madirisha, kwani kaboneti si ya kushika kwa mikono mitupu wala kupuliziwa machoni.

Baba yake aliporudi, alipima kabla hata hajavua viatu. Gramu 630.

Akapima tena. Akabadilisha mawe ya mizani. Akatazama chini ya oveni. Kisha akaita nyumba nzima sebuleni, kuanzia msichana wa kazi hadi Mama, akasimama na daftari mkononi.

"Kuna gramu 370 hazipo. Sitaki kelele. Nani kaiba?"

Binti akafungua mdomo, akaambiwa zamu yake itafika. Msichana aliapa. Mimi niliulizwa nilikuwa wapi, nikajibu nilikuwa kwenye nyumba yangu. Ikafika zamu ya wavulana wawili wadogo, na mkubwa wao akaanza kulia kabla ya swali. Akapekuliwa. Mfukoni mwa kaptura, ndani ya karatasi ya daftari iliyokunjwa vizuri, kulikuwa na unga mweupe.

Baba Watoto akauinua juu tuuone wote. Akachovya kidole, akaonja, uso ukabadilika.

Maziwa ya unga. Yangu, ya keki, ambayo nilikuwa nikiyaona yakipungua na kumlaumu muuza duka kwa mizani yake. Kwa hiyo mwizi alipatikana, ila wa kesi nyingine.

Ndipo binti aliporuhusiwa. Chukua gramu 168 za bikaboneti, alisema, uzipe moto: gramu 44 zinaondoka zikiwa kaboni dioksidi, 18 zinaondoka zikiwa mvuke wa maji, zinabaki 106 za kaboneti. Peleka hesabu hiyo kwenye kilo nzima, zinabaki 631. Wala haitegemei nani alikuwa jikoni.

Mume wangu alikaa chini. "Kwa hiyo nimenunua hewa."

"Na maji, Baba."

Mama hakungoja kesi iishe. Alikuwa amekwisha kuchukua chake, akatia kwenye mlenda kipimo chake cha siku zote cha magadi, na hapo akazidisha, kwa kuwa kaboneti tupu ni kali kuliko trona. Mlenda ulikuwa mchungu, unateleza vidoleni, na sufuria la alumini likawa jeusi ndani, maana alumini na besi hawaelewani. Aliumwaga wote, akapika mwingine kwa nusu ya kipimo. Huo ulivutika kutoka sufuriani hadi usawa wa kidevu chake. Kisha akasaga kidogo kwenye tumbaku, akanusa, akapiga chafya mara nne mfululizo, machozi yakamtoka kwenye macho yaleyale tunayolipia matibabu.

"Haya yamefufuka," akasema.

Habari za ugoro zinakimbia kuliko za msiba. Kufikia Jumatatu nilikuwa napokea barazani wazee nisiowafahamu, kila mmoja na kikopo, wakiuliza kwa bibi wa magadi. Baba Watoto akawakatalia. Hawezi, alisema, kuchoma mali kilo moja apate theluthi mbili tu, huo ni uharibifu, akawaonyesha daftari.

Mama alimsikiliza hadi mwisho, ameegemea mlango, kikopo chake kimefungwa kwenye pindo la khanga.

"Mwanangu, mjukuu kaniambia ile hewa iliyokutoroka ndiyo wanayoitia kwenye soda za chupa. Wenzako wanaiuza. Wewe unaipelekea watu polisi."

Baba Watoto alinyamaza kwa muda. Kisha akamgeukia binti yake, kalamu mkononi.

"Hivi," akauliza, "hiyo hewa inakamatwaje?"